Kidude cha muziki cha 260,000: nimnunulie mwanangu au niache?

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Asubuhi nauza chapati na supu karibu na stendi ya daladala Sabasaba, mchana narudi nyumbani. Baba watoto ni fundi uashi. Mji unajengwa, kazi hazikosekani, ila malipo yanakuja kwa kusuasua. Nakueleza hivyo ili ujue kwamba laki mbili kwetu si hela ya kuchezea.

Shida yangu ni mtoto wangu wa pili, Yona. Amemaliza darasa la saba mwaka huu, yuko nyumbani anasubiri kuanza kidato cha kwanza Januari. Tangu mwanzoni mwa mwaka anaangalia kwenye simu yangu video za kidude kimoja cha Japani kinaitwa Otamatone. Kina umbo la nota ya muziki: kichwa cha duara chenye macho na mdomo, halafu shingo ndefu. Mpigaji anapitisha kidole kwenye shingo, na mkono wa pili unabinya mashavu, mdomo unafunguka, kinatoa sauti ya kulialia, nusu mtu nusu filimbi. Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Yona hakucheka. Alikaa kimya, halafu akaniomba niirudie.

Baada ya mtihani wa Septemba alikwenda kwa mjomba wake Hombolo kusaidia kuvuna zabibu, akalipwa. Aliporudi akaanza kununua ubuyu, anaufunga kwenye vifuko na kuuza palepale kwenye meza yangu ya chapati. Hela yote ananipa nimtunzie, na sasa imefika 130,000. Hajanunua hata soda. Anataka hiyo Otamatone.

Tumempata muuzaji wa mtandaoni, anasema yuko Kariakoo. Bei yake ni 260,000, na anasema ni orijino ya Japani. Anataka tutume hela yote kwanza ndipo aweke mzigo kwenye basi. Nilimuuliza ukubwa, akasema nisiwe na wasiwasi wa kuvunjika njiani, ni kitu kidogo, hakifiki hata urefu wa rula ya shule. Yona ananiomba nimwongezee 130,000 iliyopungua, atanirudishia kidogo kidogo kwa ubuyu.

Baba yake hataki kusikia. Anasema huo ni mdoli wa kupiga kelele. Kama mtoto anapenda muziki, hela hiyo iongezewe tununue kinanda, kuna mtu anauza cha mtumba 350,000, ajifunze apige kanisani. Baba mkwe wangu yuko Mvumi, ana marimba yake ya Kigogo na zeze. Alipopata habari naye akauliza kwa nini mjukuu anunue cha Wajapani wakati vya kwao vimetundikwa ukutani. Ni kweli Yona akienda Mvumi anashinda na yale marimba, chakula tunamwita mara tatu. Basi nimekaa katikati ya wanaume watatu, kila mmoja na lake.

Wiki iliyopita niliingia chumbani kwao nikakuta mpini wa ufagio wangu umechorwa kwa kalamu, vimistari na herufi: d, r, m, f, s, l, t, d. Anaweka simu mbele yake, anapitisha kidole kwenye mpini akifuata video, na sauti anaitoa mwenyewe kwa mdomo. Nilitaka kumgombeza kwa sababu ya ufagio, nikashindwa.

Nisaidie, Shangazi. Kitu hiki kina thamani ya hela hiyo? Nimwongezee, nimkatalie, au nimsikilize baba yake? Na kwa kweli naogopa kumtumia hela mtu nisiyemwona.

Mama Yona, Nkuhungu

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kulea mtoto anayeweza kuweka akiba yake miezi miwili bila kuigusa, maana watu wazima wengi hatuwezi.

Nikutoe wasiwasi mapema: 260,000 usilipe. Yona naye usimkatalie. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na ufunguo umeniandikia wewe mwenyewe bila kujua, pale uliposema muuzaji amekuambia kitu hicho hakifiki urefu wa rula.

Otamatone zipo za aina zaidi ya moja. Ile ya kawaida, ambayo ndiyo ya kwanza kutoka, ina urefu usiofika sentimita 30 na inatumia betri tatu ndogo, zile za rimoti. Ipo kubwa yake inaitwa Deluxe, ina sentimita 40 na zaidi, sauti yake imeshiba, na ina tundu la kuchomeka waya wa kwenda kwenye spika. Nje ya nchi ile ndogo huuzwa kati ya dola 30 na 40 za Marekani. Ile kubwa inaanzia kama dola 80. Piga hesabu kwa bei ya dola unayoisikia siku hizi: ndogo ni kama laki moja au pungufu. Ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza faida ya mwenye duka ambaye naye ana kodi ya fremu, bado ukiniambia 150,000 nitakuelewa. Ukiniambia 260,000, hiyo ni bei ya dada yake mkubwa, na kwa maneno ya muuzaji mwenyewe anayekuuzia ni mdogo.

Kwa hiyo kabla ya kugombana na yeyote nyumbani, jua kwamba Yona karibu anayo hela ya kitu anachokitaka. Kinachopungua ni elfu ishirini.

Sasa nikujibu swali lenyewe, kama ni mdoli au ni ala ya muziki. Baba yake ana haki ya kuuliza, kwa sababu waliokitengeneza walikiweka kwenye maduka ya vitu vya kuchezea. Kilitoka mwaka 2009. Aliyekibuni ni Nobumichi Tosa wa Maywa Denki, kikundi cha sanaa cha Japani ambacho wasanii wake hupanda jukwaani wamevaa sare za bluu za wafanyakazi wa kiwandani, na kazi zao za sanaa huziita bidhaa. Jina la kikundi ni la kampuni ya baba yake Tosa, iliyokuwa ikitengeneza vipuri vya umeme mpaka ikafilisika. Walikusudia watu wacheke, na wewe ulicheka, hukukosea. Ila kicheko kiko usoni. Shingo ni kazi nzito.

Nikueleze kwa nini. Kinanda ukibonyeza do kinatoa do. Hata mtoto wa miaka miwili akikipiga kofi, kila sauti itakayotoka iko mahali pake, fundi alishaipanga kiwandani. Shingo ya Otamatone haina vitufe na haina alama. Ni utepe mmoja mrefu: kidole kikiwa juu kabisa sauti iko chini, kikishuka kuelekea kichwani sauti inapanda, na katikati hakuna ngazi hata moja. Do iko mahali fulani, lakini mahali hapo lazima sikio lipajue na kidole kipakumbuke. Ukikosea kwa upana wa punje ya mchele, umetoka nje ya wimbo na kila mtu amesikia. Mkono wa pili nao una kazi yake, kufungua na kufunga mdomo ili sauti ianze laini, ikue, ifungwe. Ndiyo maana wengi wanaokinunua wakicheka hukiacha ndani ya wiki chache. Wanagundua kwamba kile walichokiona kwenye video kimefanyiwa mazoezi ya muda mrefu na mtu mwenye sikio.

Na hapo ndipo ufagio wako unapoingia. Mama Yona, nimeisoma ile sehemu ya barua yako mara kadhaa. Nimefundisha kwaya muda mrefu, na watoto wanaopenda kupiga muziki nimewaona wengi. Wengi wao wanapenda kuonekana wakipiga. Mtoto anayechora ngazi ya do-re-mi kwenye mpini wa ufagio, mahali ambapo hakuna sauti yoyote itakayotoka wala mtu wa kumpigia makofi, halafu sauti anaitoa kwa koo lake ili kidole kijifunze mahali pa kusimama, huyo ameshaanza kupiga. Ameijua shida ya chombo kabla hajakishika, na ameanza kuitatua kwa alichonacho. Tena amekipenda kidude hiki tangu mwanzo wa mwaka. Tamaa ya kitu kilichoonekana kwenye simu haidumu hivyo, na wewe mwenye watoto watatu unajua zile za kawaida zinaisha siku ngapi.

Fanya jambo moja bila kumwambia kwa nini. Mwambie akuimbie anachokipiga kwenye ufagio huku kidole kikienda, na umwombe mwalimu wa kwaya ya kanisani kwenu asikilize. Mwalimu yeyote anayefundisha kwa sol-fa, yaani kwa hizo do-re-mi, atajua ndani ya dakika moja kama kidole na koo la huyu mtoto vinakwenda pamoja. Mimi natarajia atakupigia simu.

Nije kwa baba yake, kwa sababu naona yeye ndiye anayekukosesha usingizi kuliko hata muuzaji. Kinanda ni wazo zuri. Kwaya zetu zinahitaji wapigaji, na kijana anayejua kinanda hakosi mahali pa kukaa Jumapili. Kinanda pia kinakupa sauti nyingi kwa wakati mmoja, kitu ambacho Otamatone haiwezi kabisa. Yenyewe ina sauti moja tu, basi, huwezi kuipigia wimbo pamoja na sauti za kuusindikiza. Mzazi akiniambia ana laki tatu na nusu za kwake na mtoto anayependa muziki, na hana lingine la kufikiria, nitamwambia nunua kinanda, ila ukikague kwanza kitufe kimoja kimoja, maana vya mtumba vingi vina vitufe vilivyokufa na muuzaji anakuonyesha upande mzima.

Lakini siyo hilo mnalobishania nyumbani kwenu. Katika hizo 350,000 za kinanda, 130,000 ni za Yona. Alizipata kwa kuinama kwenye mizabibu ya Hombolo na kwa kukaa mezani kwako na vifuko vya ubuyu. Mkizichukua mkazitia kwenye kinanda ambacho hakukiomba, mtakuwa mmenunua kinanda cha baba kwa hela ya mtoto. Atakipiga kwa heshima, miezi michache, halafu kitafunikwa kitambaa. Na mwaka ujao mkimwambia weka akiba mwanangu, atakumbuka akiba ya kwanza ilikwenda wapi. Hili nakuomba ulisimamie, Mama Yona, kwa upole lakini usiliachie. Hela ya mtoto aliyoitolea jasho, akiwa hataki kununulia kitu kibaya, ni yake.

Mwambie mzee wa nyumba wakati ametulia, siyo mbele ya watoto na siyo siku aliyocheleweshewa malipo. Usianze na Otamatone. Anza na hesabu: kwamba hutoi laki na thelathini kama mtoto alivyoomba, kwamba umegundua muuzaji anataka kuwapiga, na kwamba bei ya haki inalingana na akiba ya Yona. Mwanaume aliyekuwa anajiandaa kukataa matumizi akisikia umeokoa hela, atakusikiliza sehemu iliyobaki. Kinanda msikiue. Kiwekeni mbele, kiwe cha familia, kwa hela zenu ninyi wakubwa, mambo ya kidato cha kwanza yakishapita.

Na hayo ya kidato cha kwanza myaweke mezani sasa hivi. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu, madaftari na begi haviji vyenyewe, na akipangiwa bweni kuna godoro na sanduku. Huo ni wajibu wenu wazazi, msiupitishe kwenye mfuko wake. Kwa sababu hiyohiyo mkopo anaokuomba usimpe. Siyo kwa kumnyima. Mtoto wa umri ule asiingie sekondari akiwa na deni la 130,000 kichwani, anahesabu vifuko vya ubuyu wakati wa hesabu za darasani. Ile elfu ishirini inayopungua mpe kama zawadi ya kumaliza darasa la saba, ukiweza.

Sasa babu wa Mvumi. Yeye ndiye mwenye neno kubwa kuliko wote, na nadhani hata mwenyewe hajajua ukubwa wake.

Zeze halina vitufe. Shingo ya zeze ni mti, na kidole cha mpigaji kinatafuta sauti kwenye uzi kwa sikio tu, upinde unapopita. Alichokiona Yona kwenye shingo ya kile kidude cha Wajapani, babu yake anacho ukutani. Mkono wa kushoto ni uleule. Anayejua kuipata sauti kwenye zeze ataipata kwenye Otamatone baada ya muda mfupi, na anayejifunza Otamatone hatalishika zeze kama mgeni.

Kuna la ndani zaidi, na hili mwambie Yona, ni mtoto atakayelielewa. Muziki wa Kigogo haukupangwa kwa ngazi ya kinanda. Uzi uliokazwa ukitikisika wote unatoa sauti moja. Ukiugusa kidogo katikati unatoa sauti ileile, ila ya juu zaidi. Ukiugusa kwenye theluthi, robo, sehemu ya tano, ya sita, ya saba, kila mahali kuna sauti iliyokuwa imejificha ndani ya uzi uleule. Waimbaji wa Kigogo na watengenezaji wa marimba hujenga nyimbo zao kwa sauti hizo za asili. Ile ya saba ndiyo inayoupa muziki huu utamu wake wa pekee, na kwenye kinanda haipo. Kitufe kilicho karibu nayo, kile ambacho kwenye sol-fa tunakiita ta, yaani ti iliyoshushwa, kiko juu yake kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya nusu-toni, ile hatua ya kutoka kitufe kimoja mpaka cha jirani yake. Ni kidogo, lakini mzee yeyote wa Chamwino au Mvumi atakikunjia uso. Kinanda cha laki tatu na nusu hakiwezi kupiga wimbo wa babu yake ukatoka sawasawa. Zeze linaweza. Na ile shingo isiyo na ngazi, ya kidude chenye macho na mdomo, nayo inaweza.

Sijui kama kuna mtoto yeyote duniani aliyepiga nyimbo za ngoma za Kigogo kwenye Otamatone, lakini ningependa sana kumsikia.

Mzee Hukwe Zawose alikuwa mtoto wa Dodoma, alizaliwa mwaka 1938. Muziki aliupata nyumbani kwa baba yake na machungani kwenye ng'ombe. Marimba na zeze hizohizo zilimfikisha kwenye chuo cha sanaa Bagamoyo, na kutoka huko kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko, mpaka alipofariki mwaka 2003. Alirekodi kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza na hakubadilisha sauti zake zilingane na kinanda cha mtu. Yona akisoma habari zake ataona kwamba ukuta wa babu si wa kupuuzwa. Na pale Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, vikundi vinatoka vijijini na ngoma zao za muheme zinazopigwa na akina mama. Nauli kutoka mjini si kubwa, mpelekeni likifika.

Hivyo basi ushauri wangu ni kwamba kabla hela haijatoka, Yona aende Mvumi. Desemba yuko huru. Akae na babu wiki mbili tatu, na aombe kufundishwa zeze, siyo marimba peke yake ambayo ameyazoea. Usimpeleke kama adhabu wala kama jaribio, na babu asimwambie kwamba amekuja kuponywa Ujapani. Mwambie ukweli: kidole chako kinajifunza kazi moja, nenda kakifundishe kwa mwalimu aliye hai, bure. Akirudi na bado anaitaka Otamatone, mnunulie. Akirudi anataka kubaki na zeze, hela yake ipo palepale na babu amepata mrithi. Njia zote mbili mimi nitafurahi.

Najua kuna watakaosema kitu cha kuchekesha hakiwezi kuwa cha maana. Wajamaika walishalijibu hilo. Melodika, kile kinanda kidogo cha kupuliza, wengi walikijua kama cha watoto wa shule, mpaka Augustus Pablo alipokishika miaka ya 1970 na kukiingiza kwenye rege, na leo hakuna mpenda rege anayekicheka. Kwa njia, kama baba Yona anataka kitu chenye vitufe cha bei ya chini ya kinanda, melodika ni jambo la kuulizia. Haihitaji umeme, na kanisani inasikika vizuri.

Kuhusu matunzo, Dodoma yetu unaijua. Kichwa cha Otamatone ni cha mpira laini, na mpira laini unapenda vumbi. Kiangazi upepo ukianza Nkuhungu kitakuwa kimevaa vumbi ndani ya siku moja. Akitengenezee mfuko wa kitambaa, akipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kisiachwe juani wala kwenye dashibodi ya gari. Betri zitolewe kama hakitapigwa muda mrefu, zisije zikavujia ndani. Kina swichi ya sauti ndogo na kubwa. Mkubaliane mapema kwamba ndani ya nyumba ni ndogo, na baada ya saa mbili usiku ni kimya. Sauti ile ikipigwa na anayejifunza inachosha, sitakudanganya, na majirani wa kupanga wana masikio.

Nimalizie na muuzaji. Usitume hela yote kwanza, hata kama ni kwa bei ya haki. Mwambie utalipa mzigo ukifika, au mtafute ndugu au jirani anayekwenda Dar akifuate mkononi, kwa kuwa watu wa Dodoma wanaokwenda Kariakoo hawakosekani wiki yoyote. Kabla ya hapo mwambie akutumie video fupi aliyoirekodi siku hiyo, siyo ile ya kwenye tangazo, akikipiga kwa mkono wake mwenyewe. Atelezeshe kidole kutoka juu mpaka chini polepole, na wewe usikilize kama sauti inapanda bila kuruka wala kukatika katikati, maana nakala za bei rahisi zipo nyingi na nyingi zinakufa sauti sehemu fulani za shingo. Afungue na kufunga mdomo, sauti ibadilike. Ageuze nyuma aonyeshe swichi ya sauti ya chini, ya kati na ya juu, na mahali pa betri. Aonyeshe boksi. Yona awe amekaa karibu nawe unapoitazama hiyo video, yeye atasikia kasoro kabla yako.

Mpe bei ya 140,000, na usipande zaidi ya 150,000 kwa ile ndogo. Akigoma, au akianza kukuharakisha kwamba imebaki moja tu na kuna mteja mwingine njiani, mshukuru na ukate simu. Watauza wengine, na Januari bado iko mbali.